Arobaini ya Mzee Torvik

Swali la kumi na saba ndilo lililoniponza, au ndilo lililoniokoa. Mpaka leo sijaamua.

Tulikuwa watu mia tatu na ushee kwenye ukumbi wa halmashauri pale Mwanga, tumekaa kwenye viti vya plastiki toka asubuhi, kila mmoja na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki. Wakala alitoka Halmar, nchi ya baridi ambako wazee ni wengi kuliko watoto. Tangazo lake lilibandikwa mpaka mlangoni kwa kinyozi: "Tunawataka ninyi kwa sababu mnajua kuheshimu wazee." Nililisoma mara mbili. Mama yangu alinichapa sana ili niijue hiyo heshima, sasa watu wakaja kutoka ng'ambo kunisifia. Kichwa kilivimba kidogo, sikatai.

Aliyetusaili hakuwa mtu. Lilikuwa sanduku jeupe la mezani, linaongea Kiswahili cha redioni, na pembeni yake alikaa Bwana Semkiwa, mtu wa Handeni aliyeajiriwa kutuingiza na kututoa. Sanduku liliuliza maswali kumi na saba, yote ya namna moja: kwenu mzee anaamkiwaje, kwenu mzee anakula na nani, kwenu mzee akikasirika mnamfanyaje. Ulichojibu kiliandikwa, ukakitia sahihi, kikawa Mwongozo wako wa kazi. Wenyeji wa Halmar walichagua mtunzaji kwa kusoma Mwongozo wake, na mtunzaji akiukiuka anafutiwa kibali.

Aliyenitangulia kwenye foleni alikuwa Ndeshi, Mchaga wa Kibosho. Tulikuwa tumefahamiana asubuhi ileile kwa kugombea kiti. Yeye alijibu kwa mkato. Lilipofika swali la mwisho, mzee akifariki mnafanya nini, alisema, "Tunazika, tunarudi shambani," akachukua bahasha yake akaenda zake.

Na mimi nikaulizwa hilohilo, nami ni Mpare. Watani zetu wanasema Mpare huuza ng'ombe ili afuate kesi ya kuku, na hawajakosea sana. Niliona aibu nchi nzima idhani sisi tunafukia watu na kurudi shambani. Nikasogeza kiti.

"Kwetu mtu hazikwi akaachwa," nikaliambia lile sanduku. "Aliyemuuguza ndiye anayemwosha, na ndiye anayekaa mkekani. Tunakaa matanga. Anayekuja kuhani, kutupa pole, hafukuzwi. Anakula hapo na kulala hapo mpaka mwenye msiba amruhusu kuondoka. Na aliyemuuguza marehemu hahami nyumba ile mpaka arobaini ipite."

"Siku arobaini?" sanduku likauliza.

"Arobaini. Hazipungui."

Bwana Semkiwa akacheka mpaka akashika meza. "Dada, punguza! Swali moja umelifanya kesi ya mahakama ya rufaa. Haya unayosema yatakufunga, ujue."

"Yanifunge," nikasema, nikatia sahihi.

*

Bangili walinivisha uwanja wa ndege wa Halmar, kabla hata sijaiona theluji. Ilikuwa ya kijivu, nyepesi, haina mahali pa kufungulia. Afisa aliigusisha kwenye skrini yake, na papo hapo mkono wangu ukaanza kudunda mapigo ya mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Hiyo ndiyo waliyoiita Sheria ya Mapigo. Mgeni haishi Halmar kwa jina lake. Anaishi kwa moyo wa mzee mmoja. Moyo ukidunda, una kibali. Ukisimama, una saa sita za kufika uwanja wa ndege. Ukitimiza miaka mitano kwa mzee huyohuyo, bangili inakatwa, unapata ukaazi, na unaruhusiwa kumleta mwanao. Mimi wangu, Eliapenda, nilimwacha Usangi kwa mama yangu akiwa na miaka sita, hana meno mawili ya mbele.

Moyo wangu wa Halmar ulikuwa wa Mzee Torvik, fundi wa lifti mstaafu. Mke wake alitangulia, na mtoto hawakujaliwa. Asubuhi ya kwanza nilimwambia shikamoo, akaniuliza nimemtukana nini. Ilibidi niseme vilevile kesho yake na keshokutwa yake, kwa sababu Mwongozo ulisema kwetu mzee huamkiwa, na nikisahau bangili inawasha mkono kama upupu. Wiki ya pili alikuwa anajibu "marahaba" kwa sauti ya mkuu wa mkoa. Nilisema pia kwetu mzee hali peke yake. Basi kila siku nilivuta kiti mezani kwake, nikala naye. Nilimpikia makande, akasema ni chakula cha farasi, akaongeza sahani. Jumapili, Eliapenda alipopiga simu, walikuwa wanafundishana kuhesabu kupitia skrini, kila mmoja akicheka ulimi wa mwenzake.

Chini ya ubavu wake wa kushoto alikuwa na pampu. Kila mtu wa Halmar akifikisha miaka sabini anawekewa: kidude cha ukubwa wa punje ya harage, kimekaa ndani ya mshipa mkuu, kimelala. Moyo ukichoka, mtunzaji anabonyeza bangili yake mara tatu, kidude kinaamka na kuisukuma damu. Kinaweza kuisukuma miaka, mpaka mtunzaji huyohuyo akizime. Hakijali mwenye damu anakujua au hakujui. Na sheria haikuuliza kama mzee yu hai. Iliuliza kama mapigo yapo.

Sasa fikiri waliiweka wapi hiyo amri ya kubonyeza. Waliiweka mkononi mwa mtu yuleyule ambaye mzee akifa anapoteza kila kitu. Hawakuwa wajinga. Wakubwa wa Halmar walipenda kutangaza kwamba wazee wao hawafi, na sisi tulibaki na dhambi.

Nilimwona Bibi Asta, mzee wa Ndeshi, akiwa na mwezi wa nne wa pampu. Mashavu mekundu, kucha zimekatwa vizuri, macho yanaangalia dari. Chozi lilikuwa linamtoka jicho moja, linafutwa, linatoka tena. Ndeshi alikuwa anampaka mafuta miguuni huku akimsimulia habari za sokoni.

"Usiniangalie hivyo, aisee," akaniambia bila kugeuka. "Nimebakiza miezi saba. Wadogo zangu watatu wananingoja mimi."

Nilimwelewa, na kule kumwelewa ndiko kulikoniogopesha.

*

"Mama, siku zimebaki ngapi?" Eliapenda aliniuliza Jumapili moja. Kila Jumapili aliuliza hivyo. Sasa alikuwa karibu kutimiza miaka kumi na moja, meno yote kinywani.

"Thelathini na moja, kuanzia kesho."

Alipiga kelele mpaka bibi yake akaja kuangalia kulikoni.

Jumatatu asubuhi mkono wangu ulidunda vibaya. Mapigo mawili ya haraka, kimya, kisha moja. Nilikimbia chumbani. Mzee Torvik alikuwa ameegemea mito, midomo imebadilika rangi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akapumzika kwanza, ndipo akaendelea. "Nakiete, hii lifti imekwama."

"Nimeshamwita daktari."

"Daktari atakwambia ubonyeze. Zimebaki ngapi?"

Nikajifanya nakunja shuka. Miaka yote alikuwa amesema, mbele yangu na mbele ya mwanasheria, kwamba pampu ile isiamshwe. Lifti ikikwama katikati ya ghorofa, alikuwa akisema, unatoa watu na kuzima umeme. Hukai humo eti kwa sababu taa bado inawaka.

"Nimekuuliza, zimebaki ngapi?"

"Thelathini na moja, Mzee."

"Basi bonyeza."

"Wewe mwenyewe ulikataa."

"Nilikataa kabla sijafundishwa kuhesabu na binti yako." Akatabasamu upande mmoja. "Nitalala tu. Siku thelathini na moja, halafu utazima. Bonyeza, mtoto aje."

Nilitoka nikaenda jikoni nikampigia Ndeshi, kwa sababu nilitaka mtu aniambie nifanye nililokuwa nalitaka. Naye akaniambia.

"Bonyeza, Nakiete! Wako amekuruhusu kwa kinywa chake, wangu hata hakuniruhusu. Siku thelathini na moja ni kitu gani? Ni Desemba tu hiyo, aisee!"

"Na siku ya thelathini na mbili nani atazima?"

"Wewe."

"Na wewe ulisema wiki mbili tu, mpaka ujipange."

Nilisikia Bibi Asta akipumua nyuma yake. Nikakata simu.

Nilirudi chumbani nikakaa kwenye kiti changu cha siku zote. Nikabonyeza mara moja. Nikabonyeza mara ya pili. Sitajisafisha hapa, kidole changu cha tatu kilikuwa kimeshafika, na mbele ya macho yangu alikuwa Eliapenda anashuka kwenye ngazi za ndege na begi lake la shule. Kisha nikamwangalia mzee. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, uso mzima umekunjamana, amekamata ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, kama mtoto anayengoja sindano. Alikuwa ananipa zile siku, na alikuwa anaiogopa pampu.

"Hapana," nikasema.

Akafumbua jicho moja. "Nakiete..."

"Nimesema hapana. Nimekuosha miaka yote hii kama mtu, sitakugeuza ngazi ya kupandia leo. Halmar wakitaka mapigo, wakanunue ngoma."

Alicheka. Wallahi alicheka, na kicheko kilimchukulia pumzi nyingi. Daktari alikuja, akaangalia bangili yangu, akaniangalia mimi, akatingisha kichwa na kuondoka. Kwake hapakuwa na kazi. Mzee aliomba makande. Nikayaponda laini, nikampa vijiko viwili, na mimi nikala kijiko kimoja kimoja naye, kwa kuwa mzee hali peke yake. Alitaka nimhesabie kwa Kiswahili mpaka thelathini na moja, polepole. Tulifika kumi na tisa.

Saa nne na dakika kumi mkono wangu ulinyamaza.

Kwa miaka mitano kasoro mwezi nilikuwa na mioyo miwili. Nilishika kifundo cha mkono nikiutafuta wake, nikaukuta wangu peke yake. Nililia kwa sauti, kilio cha kwetu chenye majina ndani yake, mpaka jirani akagonga ukuta. Akagonga tena. Sikunyamaza.

Bangili iligeuka nyekundu. *Saa 6:00. Elekea uwanja wa ndege.* Nililitegemea hilo. Nisilolitegemea ni mkono kuanza kuniwasha, ule muwasho wa upupu wa kukumbushwa kazi. Chini ya yale maandishi mekundu yakajiandika mengine, ya kijani, ambayo sikuwahi kuyaona maana hayakuwahi kufikiwa:

*Mwongozo, swali la 17. Mwoshe marehemu. Kaa matanga. Usihame nyumba. Siku ya 1 kati ya 40. Kukiuka ni kosa.*

Nilifuta machozi, nikasoma tena. Lile sanduku la Mwanga lilikuwa limemeza kila neno langu bila kutafuna. Nikachemsha maji ya kumwosha.

*

Afisa Linde wa Uhamiaji alifika saa kumi na dakika kumi jioni, saa sita zilipoisha. Alikuwa binti wa miaka kama thelathini, koti la mvua, adabu nyingi. Manispaa walikuwa wamekwisha kumchukua mzee, amevaa suti yake ya harusi, wamlaze hadi kesho tutakapomzika kando ya mkewe. Mimi nilikuwa nimetoa makochi sebuleni na kutandika blanketi chini kwa kukosa mkeka. Nimejifunga kanga kichwani. Makande yalikuwa jikoni kwenye sufuria kubwa kuliko zote za nyumba ile.

"Bi Mshana, pole kwa msiba," akasema mlangoni. "Gari liko chini."

"Asante. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa."

"Msibani hakuna anayesimama."

Akabaki amesimama. Nikamwinulia mkono wangu asome. Aliyasoma ya kijani, akatoa kifaa chake akayasoma tena humo, akabadilika uso.

"Hili ni kosa la mfumo," akasema.

"Ni sahihi yangu, na chini yake ni muhuri wenu."

"Bi Mshana, kifungu cha kutomwondoa mtunzaji kabla hajatimiza Mwongozo kiliwekwa kwa ajili ya watu wanaotoroka kazi."

"Najua. Mliogopa tutawatoroka wazee wenu. Haya, mimi sitoroki."

"Lakini mzee hayupo tena!"

"Binti, mlikuja mpaka Mwanga kutuambia mnatutaka kwa sababu tunajua kuheshimu wazee. Mlidhani heshima yetu inaishia pale moyo unaposimama? Hamkuuliza? Mliuliza. Swali la kumi na saba. Mimi nikajibu, na mkalipenda jibu mkalitia muhuri." Sauti ilikuwa inanipanda, nikaiacha ipande. "Kuna msemo kwetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe mlinipa uwanja wa ndege. Nimelima. Sasa mtaniambia mimi ni mgeni?"

Akashusha pumzi. Akaniambia, kwa upole ambao ungenishinda siku nyingine, kwamba wangeweza kunitafutia mzee mwingine kesho asubuhi, mji huuhuu. Nianze upya, siku ya kwanza ya miaka mitano. Ninachotakiwa ni kukiri tu kwamba Mwongozo umekwisha.

"Haujaisha."

Kengele ya mlango ililia. Alikuwa Ndeshi, ameshika mfuko wa mchele, macho yamevimba. Hakunisalimia. Aliinua mkono wake akanionyesha: bangili yake ilikuwa nyekundu, saa mbili na nusu zimebaki.

"Ulipokata simu nilikaa naye mpaka mchana," akasema. "Nikamuaga, nikaizima. Alifumba macho, Nakiete. Alifumba mwenyewe." Kisha akakumbuka, akalia upya. "Na mimi mjinga nilisema tunazika tunarudi shambani."

Nilimvuta ndani nikamkalisha kwenye blanketi. "Umekuja kuhani?"

"Eh?"

"Nimekuuliza, umekuja kumhani Mzee Torvik?"

Aliangalia koti la afisa, akaniangalia mimi, na Ndeshi ni Mchaga, hesabu haimpiti. "Nimekuja kuhani."

"Basi Afisa aandike," nikasema. "Anayekuja kuhani hafukuzwi mpaka mwenye msiba amruhusu. Mwenye msiba ni mimi, na wewe sijakuruhusu. Na jioni hii tunawaombea wawili, Mzee Torvik na Bibi Asta."

Afisa Linde alisoma mstari ule kwenye kifaa chake. Aliusoma muda mrefu. Nadhani alikuwa anaona nilichokuwa nakiona mimi: mji mzima wa wazee wanaoangalia dari, na kando ya kila kitanda mtu wa kwetu, kidole kwenye bangili, anaogopa kuzima. Na kumbe ipo nyumba moja ya kukimbilia, yenye blanketi chini na sufuria jikoni.

"Mna watu wangapi mnaowafahamu?" akauliza taratibu.

"Wapare peke yao mia mbili," nikasema. "Wachaga sijui, hao wako kila mahali."

Ndeshi akacheka katikati ya kilio, akanipiga begani.

Afisa akafunga kifaa. Alipofika mlangoni aligeuka, na safari hii hakuongea kama ofisi. "Niambie kweli. Rekodi yako naijua. Ulibakiza siku thelathini na moja, na sasa umejipatia arobaini zinazohesabiwa kuwa za kazi. Unamlilia yeye au unazililia karatasi?"

Nilitaka kumtukana. Lakini swali lilikuwa la haki, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejiuliza nikiwa namfunga mzee tai.

"Namlilia na siku nazihesabu," nikamjibu. "Vyote viwili. Anayedhani haviwezekani pamoja hajawahi kuishi kwa moyo wa mtu mwingine. Ila nikwambie, binti. Siku ya thelathini na moja bangili hii itakatika. Nitakuwa huru kutoka mlango huo kwenda ninakotaka. Wewe njoo siku ya thelathini na mbili, utanikuta hapa hapa, nimekaa chini."

Alishuka ngazi bila kungoja lifti, na dirishani nilimwona amesimama kando ya gari, simu sikioni, anaeleza na kueleza. Najua watakuja wengine wenye vyeo kuliko yeye. Waje. Kesi ni yangu na ng'ombe ninao.

Ndeshi alikuwa jikoni anaonja makande na kusema Wapare hatujui chumvi. Simu ikalia. Haikuwa Jumapili, lakini habari zilikuwa zimeshafika Usangi.

"Mama," Eliapenda akasema, analia kwa ajili ya rafiki yake wa kuhesabu, kisha akajikaza. "Mama, sasa zimebaki ngapi?"

"Arobaini."

"Si ulisema thelathini na moja?"

"Zile zilikuwa zetu, mwanangu. Hizi ni za mzee. Nilikuwa namhesabia, tukaishia kumi na tisa; tunammalizia kwanza."

Kisha, bila kuambiwa, akaanza kuhesabu kwa Kiswahili, polepole, kuanzia ishirini.